Bastola Iliyozikwa Chini ya Mafiga

Nilikuwa mganga msaidizi katika zahanati ndogo ya Koboko, na katika miaka iliyofuata 1979 niliosha majeraha ya risasi mengi kuliko ya panga. Jambo moja nililithibitisha kwa macho yangu: mtu aliyepigwa kwa bastola haanguki kwa sababu tu aliyempiga anataka aanguke. Niliwahi kumpokea mwanamume aliyetembea kutoka mpakani akiwa na tundu kifuani. Alinisalimu, kisha akauliza foleni inaanzia wapi.

Kaka yangu mkubwa hakuniamini. Alikuwa sajenti katika jeshi lililoshindwa katika vita vya mwaka ule. Tulipokimbilia Zaire aliizika bastola yake chini ya mafiga ya mke wake, naye mke ndiye aliyeifunga katika kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya simsim. Tuliporudi, aliifukua kabla ya kuezeka nyumba. Akaanza kununua tumbaku na kuipeleka Arua kwa baiskeli, bastola kiunoni, kwa kuwa njia ilikuwa na wanyang'anyi.

Nilimsihi aiache. Nilimweleza kuhusu yule mtu wa foleni.

“Wewe daktari ya bendeji,” alicheka. “Unaona tu wale hawakupigwa muzuri. Mutu akikula risasi ya kifua, unahesabu moja, mbili, iko chini. Ilifundishwa kwa kambi.”

“Aliyewafundisha aliwahi kuona, kaka?”

“Alikuwa mukubwa. Mukubwa hapana sema uongo.”

Yanayofuata nayaandika kwa ushahidi wa shemeji yangu, mke wa kaka, aliyekuwa akitembea nyuma ya baiskeli, na wa majeraha niliyoyashika kwa mikono yangu. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Mtu mmoja mwenye panga alitoka katika shamba la mihogo. Kaka akaiangusha baiskeli, akalenga, akapiga mara moja. Risasi iliingia kifuani, mahali pale pale alipopasifu. Yule mtu alisita. Kaka akaushusha mkono, akasimama wima kama askari kwenye gwaride. Mtu yule akaja, akamkata shingoni, kisha akarudi kwenye mihogo na kuketi.

Wote wawili waliletwa kwangu, kila mmoja juu ya mlango uliong'olewa. Kaka alikufa kabla sijapata uzi wa kumshona. Mnyang'anyi aliishi mpaka adhana ya adhuhuri, akiomba maji. Nilimpa.

Matangani ikavuma kwamba mnyang'anyi yule alikuwa amevaa hirizi inayolegeza risasi. Mimi ndiye niliyemvua nguo. Hakuwa na hirizi. Alikuwa na pafu lililotoboka na nguvu za dakika chache, nazo zilimtosha. Niliyasema hayo mbele ya waombolezaji. Wakanishukuru kwa adabu, halafu wakaendelea na hirizi yao.

Shemeji hakujali hirizi. Siku ya saba aliniletea bastola katika kitambaa kile kile.

“Shemeji, hii kitu ilikwama? Ilikwama juu ya mafuta yangu?”

Ningeweza kumjibu hapana pale pale, lakini nilikuwa sijui. Nilimwarifu chifu, nikaenda naye hadi kwenye kichuguu nyuma ya shamba. Ndani ya bastola zilibaki risasi sita. Nilizipiga moja moja kwenye udongo. Zote sita zilitoka, bila kusita. Chifu akaichukua bastola.

Niliporudi, shemeji alikuwa ameketi kando ya mafiga yake, hajawasha moto.

“Haikukwama,” nikamwambia. “Mafuta yako hayana kosa lolote.”

Alivuta pumzi ndefu, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akainua macho.

“Sasa kama haikukwama, yeye alisimama kungoja nini?”

Nikamwambia. Alikuwa akingoja mtu aanguke.