X Nyekundu Kwenye Nyumba Yetu

Nilichora X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba yetu wenyewe. Naanza na hilo, mwanangu, usije ukalisikia kwa majirani. Najua wewe uko kidato cha kwanza na mimi cha tatu, lakini kwa yaliyonipata nina haki ya kukuita mwanangu.

Tunduma hii mtu akipata kiwanja anajenga fremu za maduka. Akipata cha pili, gesti. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia wana vitanda kila kona. Wewe mzaliwa wa hapa utatafuta nyumba ya kukaa mpaka soli iishe. Inaudhi! Hata mama mwenye nyumba wetu alitupa mpaka mwisho wa mwezi tuondoke, vyumba vyetu viwe gesti. Bahati nzuri Baba ni mbishi. Miaka sita alikuwa anajenga nyumba ya kukaa, kidogo kidogo, kando ya barabara kuu. Bati lilishapanda. Ilibaki kuhamia tu.

Sasa siku hiyo asubuhi nilipitia kwenye nyumba mpya, nikakuta rangi nyekundu ya geti imebaki kwenye kopo. Nikachora ile X wanayochora watu wa barabara kwenye nyumba za kubomolewa. Nilitaka Baba ashtuke, nicheke, nifute. Nikachelewa, nikakimbilia shule.

Kurudi saa kumi, nyumba haina paa. Baba na baba mdogo wapo juu, wanang'oa bati la mwisho.

"Pokea hili!" Baba akaniita. "Tuokoe mabati kabla greda halijaja."

"Baba... ile X ni mimi."

Baba mdogo alicheka nusura aanguke. Baba hakucheka. Alikaa juu ya mbao, nyundo mkononi, akaangalia barabara weee. Kisha akasema, "Okota misumari."

Tuliyarudisha mabati, ila matundu ya misumari ya zamani yalibaki. Tukahamia hivyo hivyo.

Kwa hiyo, mwanangu, utani wako upeleke popote, usiupeleke kwenye nyumba ya mtu, hasa mji huu ambao nyumba za kukaa ni za kutafuta kwa tochi. Anayejenga msaidie hata kubeba maji. Na ukikosea, sema kabla watu hawajapanda ngazi.

Mvua ya kwanza ilitukuta mezani, tunakula. Mama alitazama juu, akanitazama mimi, akasema: "Mungu akujalie nyumba yako mwenyewe, mwanangu, ya vyumba vinne. Halafu akupe mtoto anayejua kuchora. Sogeza ndoo, bati linavuja upande wako."