Nilimshukuru Mbele ya Watu

Ukihamia nchi ya jirani, usihangaike sana na mambo makubwa. Kibali utapata, chumba utapata, na chakula utakizoea. Yanayoumiza ni yale madogo ambayo hakuna anayekueleza, kwa sababu kila mtu pale anadhani umezaliwa ukiyajua.

Mimi ni fundi wa mota. Nilitoka magharibi ya Kenya pamoja na mke wangu, tukakaa katika kijiji kimoja kati ya Kahama na Geita. Nilipewa kazi ya kutunza karasha, ile mashine ya kusaga mawe yenye dhahabu. Wiki ya kwanza niliingia dukani nikasema, "Nipe sukari kilo moja."

Mwenye duka akanitazama. "Kwani uliiacha hapa?"

Waliokaa kwenye benchi wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa yake. Kuanzia siku hiyo nikajifunza kusema "naomba". Kosa lile halikunigharimu kitu, na nilipolivuka nikajiona nimeshafuzu.

Kisha mzee mmoja akafariki, nyumba ya nne kutoka kwetu. Mfanyakazi mwenzangu alinipa habari jioni, nikasikitika, nikaanza kupiga hesabu za kwetu. Kwetu maiti hupelekwa mochwari, kamati hukaa, ndugu wa mijini husubiriwa, na mtu huzikwa Jumamosi ya wiki ijayo au ya pili yake. Nikamwambia mke wangu tutakwenda Jumamosi. Yeye alikuwa na mimba ya miezi minane, akafurahi kupumzika.

Kesho yake hakuna aliyekuja kazini. Nikasema watu hawa ni wavivu. Nikawasha karasha peke yangu, nikasaga mawe tangu saa sita. Mnamo saa kumi mwanamume mmoja alikuja na jembe begani, magoti yana udongo mbichi. Akazima mota bila kuniuliza, akaondoka.

Kaburi lilikuwa nyuma tu ya kilima kidogo cha mabaki ya mawe, kando ya karasha. Walikuwa wamemzika mzee wao huku mimi nikisaga, na aliyeomba dua hakusikika.

Ngoja nikueleze nilichopaswa kujua. Kule mtu huzikwa upesi. Kila mwanamume hufika na jembe, kila mwanamke na maji, kuni au unga, na siku hiyo hakuna anayegusa shamba wala mashine. Asiyefika huonekana. Mwenye kupiga kelele wakati wa maziko hana hata jina, kwa sababu hajawahi kutokea.

Siku ya tatu mkuu wa walinzi wa jadi alikuja na wenzake sita. Hawakuingia uani. Alisimama njiani, mikono nyuma.

"Bebe, Mkenya," aliniita, yaani wewe. "Umetengwa. Hakuna atakayekusalimia, hakuna atakayekuuzia, hakuna atakayekupa maji wala moto. Atakayekupa, naye yumo."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka tukuite."

Alisema kwa upole kabisa, kama daktari anayekueleza jinsi ya kumeza dawa.

Mwenye duka sasa alitazama juu ya bega langu, kama kwamba nyuma yangu amesimama mteja mwingine. Mke wangu alipokwenda kwenye pampu na ndoo yake, wanawake walimaliza maongezi yao, mwenye ufunguo akafunga mpini kwa kufuli, wakaenda kukaa pembeni mpaka alipoondoka. Hawakuwa na hasira. Mmoja wao alikuwa amemsuka nywele wiki iliyopita.

Nikawa nachukua maji kwa baiskeli kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulichemsha, tukachuja kwa kitambaa, bado yalinuka kwato. Na siku zilikuwa zinakwenda.

"Uchungu ukinianza hapa," mke wangu aliniuliza, "nani atanishika?"

Zahanati ilikuwa mbali na hakuna bodaboda ya kijiji ambayo ingetubeba.

Jirani yetu alikuwa mama mjane, mtu mzima, ua wa minyaa ukitutenganisha naye. Asubuhi moja kabla jua halijatoka, nilikuta ndoo ya maji meupe imepenyezwa kwenye pengo la ua. Siku ya pili nikamvizia.

"Mama, wakikuona?"

"Watanionaje kama wewe utaacha kupayuka? Mpe mwenye tumbo. Yale ya ng'ombe oga wewe."

Alileta maji wiki tatu. Mara mbili aliingia ndani, akamgusa mke wangu tumbo, akamwambia mtoto amekaa vizuri, asilie, wanawake wote huogopa wa kwanza. Mke wangu alianza tena kulala usingizi.

Hatimaye wakaniita. Mkutano ulikuwa mbele ya ghala la pamba, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Niliomba radhi, nikaeleza kwa utaratibu jinsi tunavyozika kwetu.

"Sasa maiti wenu hawaozi?" mmoja akauliza.

"Wanawekwa kwenye friji," akajibu mwingine, "pamoja na soda."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilinipa moyo. Nikatozwa mbuzi na debe la unga, nikakubali palepale. Mwenyekiti akasema, "Basi yameisha. Una neno la mwisho?"

Kwetu kikao hakifungwi bila mtu kutoa shukrani. Nikaona ni adabu, tena nikaona nitawafurahisha nikionyesha kwamba hata katika siku mbaya kijiji chao kina watu wema. Nikasema, "Namshukuru mama, jirani yangu. Bila maji yake mke wangu angeugua."

Mama alikuwa kwenye mkeka wa mbele. Hakuinua uso. Alianza kukusanya kitenge chake, taratibu, akakikunja mara mbili.

"Maji?" mkuu wa walinzi aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu," nikajibu, na nikakaza sauti ili wa nyuma pia wasikie. Bado nilidhani wanapima wema wake.

Wanawake waliokaa kulia na kushoto kwake wakasogea, akabaki peke yake kwenye mkeka. Ndipo nikaelewa. Nikasema kosa ni langu, nitozwe mimi tena.

"Wewe ulikuwa mgeni, hukujua," mkuu alisema. "Yeye amezaliwa hapa. Atatoa ng'ombe. Mpaka atoe, naye ametengwa."

"Nitamtolea."

"Anayemtolea, naye yumo."

Mama hakuwa na ng'ombe. Hakuwa hata na mbuzi. Kila mtu pale alilijua hilo.

Siku nne baadaye mke wangu alishikwa na uchungu mchana. Nilipiga kelele mara moja tu, wakaja wanawake watano na bodaboda mbili. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Tuliporudi kutoka zahanati tulikuta kuni zimepangwa mpaka dirishani, uji uko motoni, na yule aliyemsuka nywele anafagia uwanja. Ndicho nilichokuwa nakiomba usiku na mchana, na nilikipata chote.

Asubuhi iliyofuata nilibeba ndoo mpaka kwenye pengo la ua. Mama alikuwa upande wa pili.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Rudisha ndoo yako."

"Ni maji tu. Ulitusaidia, na mimi—"

"Una mtoto mchanga. Unataka akue bila watu?" Kisha akasema, "Umeshanishukuru mara moja. Inatosha."

Nikarudi. Sitakudanganya: nilipumua.

Kila siku alipita mbele ya nyumba yetu akielekea lambo. Wageni waliokuja kumwona mtoto walishusha sauti mpaka apite, kisha wakaendelea walipoachia. Siku za kwanza mke wangu alilia. Baadaye akawa anageuza uso. Mtoto alipotimiza miezi miwili, mke wangu naye alishusha sauti pamoja nao, bila hata kukatiza kunyonyesha.

Mwezi wa tatu binti wa yule mama alikuja kumchukua, kutoka Chato anakoishi, na pikipiki ya matairi matatu. Walipakia sufuria, kuku wawili, godoro. Kitanda kikawashinda, cha mbao za zamani. Dereva hakushuka; alitoka naye Chato, lakini alikuwa mzaliwa wa kijijini na aliijua amri. Binti akaniona nimesimama kando ya ua.

"Baba, samahani, tusaidie kushika upande huu."

Mama alikuwa ameinama upande wake wa kitanda. Hakunitazama.

"Mwache," alimwambia binti yake. "Ameshika mtoto."

Kweli nilikuwa nimemshika. Alikuwa amelala, na mkeka ulikuwa umetandikwa hapo hapo miguuni pangu.