Yeremia alipoulizwa mbele ya mama mkwe

Yeremia, fundi wa kuchomelea mageti kule Igoma, hakuwa na ugonjwa wowote anaoujua. Shida yake ilikuwa ile ambayo wanaume wa umri wake huitaja kwa kucheka, kisha wote wananyamaza. Mkewe Justa alikuwa Sengerema karibu mwezi mzima akimuuguza mama yake. Asubuhi hiyo akapiga simu: "Navuka ziwa leo, jioni nipo nyumbani." Yeremia akajiapiza kwamba safari hii haaibiki.

Alinunua vidonge duka la dawa bila cheti, maana cheti kingemlazimu kujieleza kwa daktari. Akashindilia ugali na sangara wa kukaanga, akameza kimoja. Akasubiri, akaona kimya. Tumbo lililojaa huchelewesha dawa, lakini nani wa kumwambia wakati alijificha? Akameza cha pili. Kisha akakumbuka unga aliouziwa stendi, akaapiwa ni mizizi mitupu, haina kemikali. Kwa akili yake mizizi si dawa, ni chakula kama mlenda, kwa hiyo haihesabiki. Akaukoroga kwenye uji, akaunywa wote. Mtu mzima kabisa! Unga wa namna ile mara nyingine huwa umesagwa pamoja na vidonge vilevile alivyokwisha kumeza.

Jioni mlango ukagongwa. Akafungua akitabasamu, na nyuma ya Justa akamwona mama mkwe wake, Evelina.

"Nimemleta atibiwe macho," Justa alisema. "Ningekwambia kwenye simu ungeanza maswali."

Kwa Wasukuma, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani hovyo, wala hawakodoleani macho. Yeremia akaamkia shikamoo akiwa ameinama, akarudi kinyumenyume hadi kwenye kochi, akajifunika miguu kwa kitambaa cha meza. Justa akamshangaa. Uso wa Yeremia ulikuwa unawaka moto. Kichwa kilimgonga, na taa ya ukutani, aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe, ilikuwa imegeuka bluu. Akataka kuuliza kama na wao wanaiona hivyo, akaogopa jibu.

"Baba, mbona unatoka jasho?" Evelina aliuliza akitazama pembeni.

"Joto, mama."

Alipojaribu kuinuka, miguu ikamkatalia. Kifua kikabana. Majirani wakambeba hadi kwenye bajaji, mpaka hospitali, naye njia nzima alikuwa akijiuliza ni kipi kinachomuua: vidonge, uji, au aibu.

Justa akabaki dirisha la mapokezi kumwandikisha. Kando ya kitanda akabaki mama mkwe, ameketi kwenye kiti, uso ameuelekeza ukutani kama mila inavyotaka. Daktari kijana akapima, akakunja uso. Hakuelewa. Maumivu ya kifua, lakini presha imeshuka kidogo badala ya kupanda?

"Mzee, nataka kukuwekea dawa ya moyo chini ya ulimi. Lakini niambie kwanza, umekunywa dawa yoyote leo? Yoyote ile, hata ya nguvu za kiume? Zikikutana na hii, presha inaporomoka na unaweza usiamke."

Yeremia alimsikia vizuri. Aliuelewa hata huo mwisho. Lakini ulimi ungetamkaje neno lile, na mama aliyemzaa mkewe yuko hatua mbili kutoka kitandani? Akafumbua mdomo, akaufumba. Bluu ya vile vidonge ilikuwa imejaa chumba kizima, hata koti la daktari. Akatikisa kichwa, na yeye mwenyewe hakujua kama amesema ndiyo au hapana.

"Basi tuendelee," daktari alisema, akanyoosha mkono kuchukua dawa.

"Subiri!" Kiti kiliburutwa. Evelina alikuwa amegeuka, anamtazama mkwe wake usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mahari ilipopokelewa. "Sema, mwanangu. Mimi si mkwe hapa. Sema."

Yeremia akaanza kulia. "Viwili," alisema. "Na ya mizizi. Nimekunywa vyote."

Daktari akairudisha ile dawa haraka, akamwita muuguzi alete dripu. Evelina akajifunika uso kwa kanga. Alipozungumza, sauti yake ilitoka chini kabisa.

"Baba yake Justa aliwekewa vilevile, chini ya ulimi. Madaktari walikuwa wametuuliza amekunywa nini. Mimi nilijua. Lakini shemeji zangu walikuwa wamejaa chumbani, nikasema sijui."

Mlangoni alikuwa amesimama Justa, risiti mkononi, akimtazama mama yake, kisha mumewe, kisha mama yake tena.

"Mama," alisema, "si mlituambia baba alikufa kwa malaria?"