Watu Wanaoijua Kazi ya Mume Wangu

Mume wangu anatengeneza meno. Sisemi kuziba wala kung'oa. Hizo ni kazi za kaka yangu, daktari, mwenye koti jeupe na jina lake kubwa mlangoni. Mume wangu anawatengenezea meno mapya watu ambao yao yamekwisha. Kaka huchukua chapa ya mdomo wa mgonjwa, chapa hupelekwa chumba cha nyuma, na baada ya siku kadhaa meno hutoka huko ndani ya kibakuli cha maji. Mgonjwa huyavaa, hujitazama kwenye kioo, humshika kaka mkono na kumwambia ana mikono ya baraka. Kaka husema, "Karibu sana." Mimi niko mapokezi, nasikia yote, nauma midomo yangu.

Chumba cha nyuma kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Kuna meza, taa, mashine ya kusugulia, nta, na vumbi la plasta juu ya kila kitu. Mume wangu hutoka humo jioni nyusi zikiwa nyeupe. Nilikuwa nikimtania, "Asubuhi niliacha kijana humu, huyu babu katoka wapi?" Naye alikuwa akinijibu, "Kijana ameoa dada wa daktari, lazima azeeke."

Kama hujawahi kumwona akifanya kazi, hutanielewa. Mafundi wengine hupanga meno yakanyooka kama askari wa gwaride, na mtu akicheka tu kila mmoja anajua kwamba hayo hakuzaliwa nayo. Mume wangu huomba picha ya zamani ya mgonjwa, hata ya siku za shule, aone alivyokuwa akicheka. Kisha huinamisha jino moja kidogo, au hulivuta moja nyuma ya mwenzake, mpaka mdomo ule unarudi kuwa wa mwenyewe. Tukiwa harusini hunigusa kiwiko. "Yule anayeongoza sherehe, ya juu yote ni yangu." Namwambia, "Nyamaza, baba, watu wanakula."

Na hapo ndipo tulipofungwa. Msusi hutangazwa na vichwa vya wateja wake, na fundi cherehani hutangazwa na migongo. Fundi wa meno atatangazwa na nani? Watu wanaoijua kazi ya mume wangu wamejaa mji huu, wanaitafunia kila siku, na hakuna hata mmoja ambaye angekubali kuulizwa habari zake.

Sitaki kumsema kaka vibaya. Yeye ndiye aliyemlipia mume wangu masomo ya ufundi, na nyumba tunayokaa, nyuma ya kliniki, ni yake. Ndugu mbaya unaweza kumkimbia na watu wakakuelewa. Ndugu mwema ukimkimbia unaonekana umerukwa na akili. Kila mume wangu alipogusia kutafuta mahali pengine, kaka alicheka kwanza, halafu akatoa methali.

"Shemeji, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Kizuri kilichofungiwa kabatini kinajiuza kwa nani, kaka?" nikamuuliza.

"Wewe dada yangu, siku moja nitang'oa huo ulimi." Akamgeukia mume wangu. "Huko nje utakutana na nani? Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Kwa hiyo umekubali kwamba wewe ni zimwi."

Akacheka tena, mume wangu naye akacheka, na mlango ukawa umefungwa. Kaka hufunga milango kwa kucheka.

Mimi ndiye niliyemsukuma mume wangu atoke. Kazi za siku hizi ni kujuana, nilimwambia, na wewe humjui mtu ila mimi na plasta. Nikamchapishia kadi zenye jina lake na namba ya simu, nikampigia pasi shati, nikampeleka kwenye mkutano wa mwaka wa watu wa meno. Huko mtoa mada, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, aliwaambia wasikate tamaa, waamke kila asubuhi na lengo moja, kisha akataka kila mtu amgeukie jirani asiyemjua, amsalimie na ampe kadi. Mume wangu akamgeukia jirani yake. Jirani akatabasamu. Meno yalikuwa yetu.

"Sura yako si ngeni," yule bwana alisema. "Tumewahi kuonana?"

"Hapana," mume wangu akasema, kadi ikabaki mfukoni.

Tulirudi na karibu kadi zote. Nilimsema mpaka nikachoka. Lakini moja ilifika mahali pazuri: ilichukuliwa na mzee anayetuuzia nta na unga wa meno, ambaye miaka yote alikuwa akiongea na mume wangu kwa simu tu. "Kumbe ndiye wewe wa chumba cha nyuma!" alisema, na akamkumbatia mbele za watu. Mzee huyo ndiye aliyepiga simu baadaye kusema kwamba chuo cha afya kinatafuta mwalimu wa ufundi wa meno. Nafasi ilikuja na nyumba ya chuo na jina la mtu mlangoni kwake mwenyewe. Walitaka wadhamini wawili wanaoijua kazi yake, wasiwe ndugu. Mzee wa nta akawa mmoja, mwenzake wa darasani akawa wa pili, nami nikaanza kupanga moyoni mapazia ya nyumba ambayo sijaiona.

Kaka tulimwambia siku ya usaili wenyewe, asubuhi. Safari hii hakucheka. "Shukrani ya punda," alisema, na methali hakuimaliza, akaingia kumhudumia mgonjwa.

Mume wangu aliporudi alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu.

"Ilikuwaje?"

"Walikuwa wanne, na mkuu wa chuo amekaa katikati. Mama mmoja mtu mzima, mpole. Alipofungua mdomo kunikaribisha, nikajua."

"Ukajua nini?"

"Lile la juu, kushoto, lililoinama. Nilikaa nalo siku nyingi lile. Alileta picha yake akiwa msichana."

Nikavuta kiti. Nilimkumbuka yule mama. Alikuwa akiingia kwa mlango wa pembeni, amejifunga mtandio mpaka puani, na hakuwahi kuniambia anafanya kazi wapi.

"Enhe?"

"Wakaangalia sampuli nilizobeba. Mmoja akasema ni nzuri, ila hizi ni za mezani, na meza haitafuni. Akaniomba nitaje mgonjwa mmoja, mmoja tu, anayevaa kazi yangu, wampigie simu."

"Ukasema?"

"Nikasema mgonjwa siwezi kumtaja."

"Na yeye mama?"

"Alikunywa maji."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, sikujua nianze na lipi. Kazi yake bora kuliko zote ilikuwa imekaa mbele yake ikimuuliza maswali, na yeye akaitazama meza. "Ningefanyaje?" aliniuliza. "Nimwambie mama wa watu acheke waone?"

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu, maneno machache ya heshima na kumtakia kila la heri. Alilisoma, akarudisha lile shati kabatini, akasema hawakuiona kazi yake, na wangeionaje. Kaka alimpiga bega na kumletea taa mpya ya mezani, kwa wema kabisa. Nilitamani kuivunja ile taa.

Baada ya hapo mume wangu aliacha kuomba picha za wagonjwa. Sikugundua mara moja. Siku moja nilipeleka kibakuli kwa kaka, nikatazama ndani, nikaona meno yamenyooka yote, gwaride tupu. Nikapeleka kingine, vilevile. Wagonjwa walifurahi. Kaka hakuona tofauti. Mimi nilikwenda chooni nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi mapokezi, maana simu ilikuwa inaita.

Nilijaribu kumtia moyo. "Mvumilivu hula mbivu," nilimwambia. "Hata mbivu huoza," akajibu, na hakuwa anatania.

Ndipo mkuu wa chuo alipokuja tena, kwa mlango wa pembeni, mtandio puani. Ya chini yalikuwa yanambana. Kaka alikuwa anang'oa jino la mtu, kwa hiyo nilimpeleka yule mama kwenye kile chumba kidogo chenye pazia, wanapongojea wasiotaka kuonekana, akayavua yote, ya juu na ya chini, nikayabeba kwenye kibakuli hadi nyuma. Mume wangu alitazama ndani ya kibakuli tu.

"Amekuja," alisema.

"Amekuja."

Akawasha taa, akavuta kiti, akaanza kazi. Nikarudi kwa yule mama. Alikuwa amekaa na leso mdomoni, mashavu yamemwingia ndani, amezeeka ghafla.

"Dada," alisema polepole, kila neno likitoka na upepo. "Fundi wenu, yule aliyekuja chuoni. Bado yuko hapa?"

"Yuko. Ni mume wangu."

Alifumba macho. Nadhani hakulijua hilo. Angeweza kunyamaza, na mpaka leo natamani angenyamaza.

"Wenzangu wote walimtaka," alisema. "Alipokataa kumtaja mgonjwa, ndipo walipompenda zaidi. Walisema mtu anayetunza siri za watu namna hiyo ndiye wa kufundisha watoto wetu. Mimi ndiye niliyesema hapana."



"Niliona jina la kliniki kwenye maombi yake nikajua kwamba anajua. Dada yangu, nitaishije? Kila nikisimama mbele ya wanafunzi, yeye yuko pale pembeni anatazama kazi yake. Mume wangu mwenyewe hajui. Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii na hajui."

Hasira ilinipanda. Nje ya pazia kulikuwa na watu wanangoja zamu. Meno yake yalikuwa mikononi mwa mume wangu, na yeye hapo hakuwa na hata moja la kuning'atia. Ningepaza sauti kidogo tu, mambo yote yangekwisha, yake na yetu. Nilijizuia, nikainama karibu yake.

"Basi mama, mfanyie jambo moja. Kuna vyuo vingine, na wakuu wake unawajua. Mpigie mmoja tu. Mwambie kuna fundi, kazi yake naijua."

Aliishusha leso, nikauona mdomo wake ulivyo.

"Na akiniuliza nimeijuaje?"

Nilikaa pale nikilitafuta jibu. Nimelitafuta na siku nyingine, nikiosha vyombo, nikijibu simu za wagonjwa. Sijalipata.

Mume wangu alimaliza. Nilimletea yule mama kibakuli, akanipa mgongo akavaa, na alipogeuka alikuwa mtu mwingine, mkuu wa chuo, mama mwenye tabasamu zuri ambalo jino moja linaliharibu kidogo na kulifanya liwe lake. Kaka alikuwa ametoka kwa mgonjwa wake, akamkuta kwenye korido.

"Yanakaa vizuri sasa?"

"Sana, daktari. Una mikono ya baraka."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo, na mume wangu alikuwa amesimama hapo, nyeupe nyusi, nyeupe mikono. Yule mama alimwona. Alisita, kisha akamtikisia kichwa, mara moja, kwa heshima, kama mtu anavyomsalimu anayemfahamu, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Nilikwenda nyuma kuchukua vibakuli. Mume wangu alikuwa akipiga mluzi. Sikuwa nimeusikia tangu siku ya usaili.

"Umeona?" aliniambia. "Amenitambua. Amekuambia nini huko ndani?"

"Amesema yalikuwa yanambana kushoto."

"Basi anayavaa. Wengine huyaweka kabatini." Alisugua mikono, plasta ikadondoka sakafuni. "Unajua nafasi zile hutoka tena. Ulikuwa unaniambia kweli, mke wangu, kazi ni kujuana. Mara ya kwanza niliingia pale simjui mtu. Sasa namjua mkuu mwenyewe."

Macho yake yalikuwa yananing'alia, yakingoja nifurahi naye.

"Ni kweli," nilimwambia. "Sasa una mtu."