Chumvi Katika Birika la Mke Wangu

Nianze kwa kutenganisha mambo mawili. Kwamba jirani yangu alijua tangu mwanzo maji ya kisima chake yalikuwa yakienda wapi, hilo nimelisikia kwa watu wengi hapa Voi, nami silithibitishi. Kwamba alimwita mke wangu mtu anayepotewa na akili, hilo nililisikia kutoka kinywani mwake, tukiwa tumesimama uani kwangu.

Katika jumuiya yetu ya kanisa, tunaosali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, mke wangu ndiye aliyeshika birika kwa miaka mingi. Popote tulipokutana, chai ilipikwa naye. Mwaka huu, mara kadhaa tulipokutana kwetu, chai hiyo ikawa na chumvi. Jirani, mstaafu kama mimi na mwanajumuiya mwenzetu, akanivuta kando.

"Mzee mwenzangu, usikasirike. Mpeleke mama akapimwe kichwa. Anachota chumvi akidhani ni sukari."

"Ulimwona akichota?"

"Mambo mengine hayahitaji kuonwa. Chai yenyewe inasema."

Juma lililofuata mwenyekiti wa jumuiya alimwambia mke wangu apumzike, birika lishikwe na wengine. Aliyasema kwa upole unaouma kuliko matusi. Habari ilifika hadi Rukanga, kwa dada yake, akapiga simu akilia kana kwamba kuna msiba. Tangu hapo nilimwona mke wangu jikoni akilamba sukari kiganjani kabla ya kuitia sufuriani. Nilipoona hivyo niliapa kwamba jambo hili litalipwa.

Sikuanza na mtu, nilianza na maji. Chini ya sinki tuna filta ya maji yenye makopo ya kuchujia, na kopo lake la kwanza lilikuwa likivuja. Fundi alibadilisha mpira unaoziba mdomo wa kopo, akazungushia viungo tepu nyeupe, akaondoka. Likavuja tena. Fundi akasema huenda presha ya mfereji ni kubwa. "Huenda" si neno ninalolikubali nyumbani kwangu, kwa hiyo nikaweka kiti jikoni nikatazama.

Kopo lilivuja siku za mgao tu, yaani siku ambazo koki ya mtaa imefungwa kule barabarani na mifereji haistahili kutoa hata tone. Wetu ulitoa. Nikaonja: ilikuwa chumvi ile ile ya visima vya mtaa wetu, ambayo tunaogea na kufulia lakini hatuinywi. Filta kama yetu hushika matope na harufu. Chumvi iliyoyeyuka huipitisha.

Nikafunga koki inayotoka kwenye tangi letu. Kopo likaendelea kudondosha. Nikafunga ile iliyo kando ya mita, nje. Likanyamaza. Basi maji yalikuwa yakitoka nje ya ua wangu. Nikaifungua tena, nikainama penye ua, ambapo mita yangu na ya jirani zimeungwa kwenye bomba moja. Yangu ilikuwa ikienda mbele. Yake ilikuwa ikirudi nyuma. Nyuma ya ukuta pampu yake ilinguruma.

Alikuwa amefanya wanavyofanya wengi hapa: kuunga bomba la kisima kwenye bomba la mfereji, ili maji yote yapande tangini kwa njia moja. Ila hakuweka valvu ya kuzuia maji yasirudi. Pampu ilijaza tangi lake, na kwa nguvu iliyobaki ikayasukuma maji kupitia mita yake hadi kwangu, yakaufumua mpira wa filta, yakaingia birikani.

Ningeweza kubisha langoni kwake siku ile ile. Sikubisha. Nilinunua valvu yangu, nikaiacha ndani ya mfuko wa dukani bila kuiunga, nikangoja zamu yetu ya kukaribisha jumuiya.

Zamu ilipofika ilikuwa siku ya mgao. Pampu ilianza kunguruma kabla ya sala kwisha. Nilipika chai mwenyewe, mabirika mawili: moja la maji ya mvua kwa ajili ya wageni, moja la maji ya mfereji. Hilo la pili nilimmiminia jirani.

Akaonja. "Yarabi! Mama amerudi jikoni?"

"Nimepika mimi," nikasema. "Nami kichwa changu kikapimwe?"

Nikawaomba wote tutoke hadi penye mita. Mwenyekiti aliinama, akavaa miwani, akatazama moja, akatazama nyingine.

"Ya jirani inarudi nyuma," akasema.

"Na pampu ni ya nani?" mwanamke mmoja akauliza, ingawa sote tulikuwa tukiisikia. "Jamani, tumemnyang'anya mama birika kwa sababu ya bomba la huyu!"

"Ni fundi," jirani akasema. "Fundi ndiye aliyeunga."

"Ulimwona akiunga?" nikamwuliza.

Tuliporudi ndani, kikombe chake kilikuwa pale pale. Kwetu chai ya jumuiya haimwagwi, naye alilijua hilo. Alikinywa chote akiwa amesimama. Nilidhani deni limekwisha. Mke wangu akainuka, akalipita birika la maji ya mvua, akalishika lile la chumvi. Mwenyekiti hakumzuia.

"Karibu cha pili, baba," akamwambia, akakijaza hadi ukingoni.

Wanasema jirani aliumwa tumbo usiku kucha. Sikuwapo. Nilichokiona ni kwamba alikinywa na hicho cha pili.