Nota Iliyopinda

Mwaka jana kwaya ya Mashangilio ilitembea mjini na neno lake la siri mgongoni, na hakuna aliyeshtuka. Lilikuwa limechapwa kwenye kitenge cha sare, herufi nyeupe juu ya bluu: jina la kwaya na mwaka ilipoanzishwa. Constance Numbi, mwalimu wa kwaya hiyo, alipofungua akaunti yake ya kwanza mtandaoni ili aweke sauti za mazoezi, aliambiwa achague neno ambalo hatalisahau. Akaandika "mashangilio1987". Angelisahauje? Yeye mwenyewe ndiye fundi aliyezishona sare zote, kwa cherehani yake ya miguu, barazani kwake mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ingawa sidhani walikuwa wakifikiria kitenge cha kwaya.

Kwetu, wimbo mpya wa sikukuu ya parokia hufichwa kama bibi arusi mpaka siku yenyewe. Anayeuimba wa kwanza mbele ya watu ndiye mwenye wimbo. Ukija wa pili, hata kama uliutunga kwa machozi, wewe ni mwigaji. Mwaka jana kwaya ya parokia jirani ilialikwa kuimba misa ya kwanza. Constance na watu wake walikuwa uani, wakinyoosha sare na kungoja misa ya pili, waliposikia wimbo wao ukitoka madirishani. Maneno yale yale, sauti zote nne. Na kwenye ubeti wa pili, pale ambapo Constance alikuwa amekohoa wakati wa kujirekodi akarudia mstari, wageni nao walirudia mstari. Hapo akajua. Hawakuusikia kupitia ukuta wa chumba cha mazoezi. Waliuchota ndani ya akaunti, pamoja na kikohozi chake.

Alilia siku hiyo, kichwa juu ya cherehani. Halafu, badala ya kutafuta wa kugombana naye, akaanza kutaka kujua. Ndivyo alivyo tangu utotoni. Baba yake alitoka Kabalo kuja kufanya kazi ya reli, na Constance alikulia katika kambi ya reli akimsumbua: treni inajuaje njia ya kushika? Baba alimshika mkono akampeleka kuona chuma kinachohamisha reli, akamwacha akiguse. Kuuliza si ujinga, alimwambia, ujinga ni kupanda treni bila kuuliza inakokwenda.

Kwaya haikuwa na subira kama yake. Sikukuu nyingine ilikaribia, na Constance alikuwa ametunga wimbo mwingine, mzuri kuliko ule. Lakini sauti ya kwanza waliwashuku sauti ya pili kwamba ndio waliotoa siri, na sauti ya pili walisema wazi kwamba mdomo mrefu uko benchi la mbele. Wanawake waliokuwa wakigawana karanga mazoezini sasa kila mmoja alikuja na zake. Constance aliwaambia wote kwamba wimbo huu ukiibiwa naye anaacha kwaya, na walimjua, hasemi kitu kwa kutisha watu. Ikabaki kazi ya kufungua akaunti mpya na kuifunga vizuri.

Alikwenda kwa Edmond, mfanyabiashara kutoka Butembo anayeuza na kutengeneza simu karibu na soko la Kenya. Edmond alimpa kigoda. Constance hakuanza na simu, alianza na swali.

"Edmond, ile mashine inayua je kama njo miye?"

"Haikujue, mama. Inajua tu kile ulisha kuiambia."

"Na muntu mwingine akiiambia kile kile?"

"Basi ule muntu anakuwa weye."

"Anakuwa miye?"

"Mbele ya mashine, ndiyo."

Constance alilitafuna jibu hilo. Lilimtisha na kumfurahisha kwa pamoja. Kumbe mwaka jana kulikuwa na Constance mwingine mahali fulani, aliyeingia kwake bila kubisha, akasikiliza nyimbo zake zote, labda akiwa anakula mihogo. Akauliza kama yule Constance wa pili naye aliulizwa swali lolote. Edmond akasema hapana, alikuwa na ufunguo, na mwenye ufunguo haulizwi.

Kisha wakafanya kazi. Jina lisiwe neno la siri, wala mwaka, wala kitu kilichochapwa kwenye nguo ya mtu yeyote. Neno liwe refu, na lisitumike mahali pengine. Na kuwe na kufuli la pili: kila mtu akitaka kuingia, namba fupi itatumwa kwenye simu ya Constance.

"Ile code ikikuya, usipatie muntu, mama. Hata miye nikikupigia, unikatalie."

"Hata weye?"

"Hata miye. Zaidi miye."

Constance alicheka. Kumkatalia mtu anayeomba kwa adabu ni jambo ambalo hakufundishwa kambini wala kanisani, na alijua litamtoa jasho. Lakini neno refu, hilo hapana shida. Alikuwa na wazo tangu njiani. Alishika simu akaandika nota za mwanzo wa wimbo mpya, kama anavyoziandika ubaoni: d, m, s, na zile nukta mbili mbili, na vistari vya kuvuta sauti, na 1 ndogo ya sauti ya chini. Mashine ilitaka herufi, namba na alama. Nota zilikuwa na vyote. Mstari wa kijani ukatokea, na chini yake neno moja la kusifu kwamba siri ni imara. Edmond muda wote huo alikuwa ameugeuzia ukuta uso.

"Siangalie, mama," alisema. "Ni yako."

Constance alirudi nyumbani kwa miguu, kifua mbele. Mazoezi yakaendelea vizuri. Aliweka sauti za wimbo ndani ya akaunti, na kila alipotaka kuwasikilizisha watu sehemu yao aliifungua, na alipomaliza aliifunga. Simu yenyewe ilizoea kulala juu ya benchi na kupita mkono kwa mkono, maana kila sauti ilitaka kusikia yake mara ya pili na ya tatu.

Jioni moja wengine walipokwisha kutoka, papa Zéphirin alibaki. Huyu ndiye besi mzee wa kwaya, mstaafu wa karakana ya mgodi, mtu anayesema maneno machache na kuyapumzisha katikati.

"Maestro, niko na kintu ya kukuambia. Usikasirike."

"Sema, papa."

Zéphirin alifumba macho akavumisha sauti ndogo, polepole, nota za mwanzo wa wimbo, na vituo vyake, na mvuto wake. Kisha akaomba simu, akaifunga akaunti, akaandika alichovumisha. Namba ya kufuli la pili ikaja papo hapo, mkononi mwake, kwa sababu simu ilikuwa mkononi mwake. Akaunti ikafunguka kama mlango wa jirani.

"Kidole yako inaandika, kinywa yako inaimba," alisema. "Kila siku. Weye mwenyewe hausikie."

Constance alikaa kwenye benchi. "Ba besi bote bamesikia?"

"Na ba soprano. Ila beye banafikiri ni mazoezi ya kufungua sauti."

Ilimuuma, na asingekuwa Constance kama isingemchekesha pia. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia watu wafungue vinywa. Sasa alitakiwa kufunga cha kwake, na hakujua kinafungwaje. Alijaribu dawa ya kifundi: akiwa barazani alishika pini za kushonea kati ya midomo, na kweli, mwenye pini mdomoni haimbi. Lakini mazoezini haikuwezekana. Mwalimu wa kwaya hawezi kusimama mbele ya watu na pini tano kinywani akiwaambia watabasamu wanapoimba.

Basi akaligeuza swali. Kama kuvumisha ni lazima, avumishe nini ambacho hawa hawana? Alipitia akilini nyimbo zake zote akiwa anakata kitambaa. Za misa, wanazijua. Za harusi, wanazijua kuliko yeye. Za msibani walifundishwa na mama zao. Za kulaza watoto, mtaa mzima ulilazwa nazo. Aligundua kwamba hajawahi kuwa na wimbo wa peke yake, na hakuwa amewahi kuona ni upungufu. Wimbo kazi yake ni kutoka.

Alasiri ilikuwa imefika ile saa ambayo watu wa reli walikuwa wakirudi nyumbani, na mkasi ukasimama mkononi.

Godefroid, mume wake, naye mtu wa reli, Mungu amrehemu, hakujua kuimba. Si kwamba aliimba vibaya kidogo. Constance alimwomba, kwa upole na mapema, kwamba kanisani achezeshe midomo tu, na Godefroid alichezesha midomo tu mpaka alipozikwa. Lakini alipotoka kazini, akikata kona ya barabara yao, alipiga mluzi. Ulikuwa mluzi wa kwake mwenyewe, haukutoka kwenye wimbo wowote, na nota yake ya tatu ilipinda: ilipaswa kuwa fa, yeye aliipandisha kidogo, ikaning'inia kati ya fa na sol. Mwaka wao wa kwanza ilimkera Constance kama kijiwe kwenye wali. Alimsahihisha. Godefroid alipiga sawa mara moja, kwa heshima ya mke wake, na kesho yake akarudi na ile ile. Mwishoni Constance aliacha. Akiusikia tu mluzi alibandika maji ya bukari, ugali wetu, kwenye mbabula, jiko la makaa, na Godefroid alipokuwa amekwisha nawa mikono, chakula kilikuwa mezani. Mluzi maana yake ilikuwa: nimefika konani, weka maji. Majirani waliusikia kila siku, na hakuna aliyeusikiliza.

Alichukua simu akabadili neno la siri. Ile nota ya tatu aliiandika jinsi ilivyokuwa, kwa alama ya fa iliyopandishwa, ambayo katika nyimbo za Mashangilio haijawahi kuonekana hata siku moja. Mstari wa kijani ukatokea. Constance aliangalia zile herufi kabla hazijageuka nukta, na moyo ulimwuma kwa namna nzuri.

Kwenye mazoezi yaliyofuata alimzuia papa Zéphirin asiondoke. Alifungua akaunti mbele yake, akavumisha bila kujificha, akaifunga, akampa simu.

"Jaribu, papa."

Zéphirin aliandika. Mashine ikakataa. Aliomba asikie tena, akasikia, akaandika, ikakataa. Mara ya tatu alisikiliza akiwa amefumba macho, akachapa nota moja moja, na Constance, aliyekuwa akitazama kidole chake, aliona kinachotokea. Sikio la mzee, ambalo yeye mwenyewe alilinyoosha kwa miaka mingi, lilikuwa linainyoosha ile nota kabla haijafika kidoleni. Hakuweza kuiandika ikiwa imepinda.

"Maestro, ile nota ya tatu umeikosea."

"Siikosee, papa."

"Basi mashine njo imekosea."

"Ile nota iko ku fasi yake, mahali yake," Constance alisema. Zéphirin alimwangalia, akamrudishia simu, akavaa kofia yake.

Siku ya sikukuu kwaya jirani ilialikwa tena, na iliimba kitu chake yenyewe. Mashangilio waliposimama, watu waligeuza shingo kwa sababu walikuwa hawajawahi kusikia wimbo ule. Ubeti wa pili ulipita bila mtu kurudia mstari. Kwenye chakula cha parokia, mama mmoja wa sauti ya pili alimmiminia karanga jirani yake wa sauti ya kwanza kwenye kiganja, akisema chumvi imezidi kidogo, amsamehe.

Constance alirudi nyumbani jioni, jua bado likiwa juu ya bati, tumbo limejaa, pamoja na binti yake Wivine, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi naye. Alivua viatu akaketi barazani kuweka rekodi ya siku hiyo ndani ya akaunti. Aliandika, akivumisha. Kidole kikafika nota ya tatu, ikapanda pale pale, na akaunti ikafunguka.

Wivine alitoka ndani na kumkuta mama yake ameinama juu ya mbabula. Makaa yalikuwa yameshika moto, na sufuria ya bukari ilikuwa juu yake, ile kubwa.

"Mama, tumekula sasa hivi. Nani anakuya?"

Constance aliitazama sufuria. Hakukumbuka kuibandika. Akalitazama lango, na barabara nyuma ya lango mpaka konani, ambako mtu mmoja alikuwa akisukuma baiskeli.

"Papa yako," alisema.

Constance alijifuta macho kwa upindo wa kitenge cha sare, akajicheka kidogo, na hakuondoa sufuria.

"Leta bunga," akamwambia. "Maji imesha kutokota."