Mafuta ya Karafuu Kwenye Tangi

Wivu ulinitia upunguani, nami naungama. Pikipiki ya Masoud, fundi mwenzangu wa Ng'ambo, ilikuwa imenishinda mbio mara tatu, injini yake ikiimba kama iko harusini. Wiki ya mashindano mengine nilipita mbele ya gereji yake bila kumsalimia wala kumtazama, nikasikia harufu ya karafuu. Nikaamini nimeijua siri yake.

Asubuhi ya mashindano nilimimina chupa nzima ya mafuta ya karafuu ya mama kwenye tangi la petroli. Nusu ya njia injini ilikohoa, ikazima mbele ya watu wote wa Bububu.

Masoud, keshashinda, alirudi akanusa. Shavu lake lilikuwa limevimba, na pamba imechomoza mdomoni.

"Masikini, sheikh wangu," akasema. "Kumbe nawe jino linakuuma?"